Sekunde 11 Mlangoni

Hotuba kwa madereva, makondakta na manamba wa chama chetu cha matatu, iliyotolewa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa mtaani Buruburu, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, wenye magari, madereva, makondakta wenzangu, manamba wa steji, na kina mama mliokuja na watoto: hamjambo?

Nimesema makondakta wenzangu, na naona vijana pale nyuma wananikagua. Wanajiuliza huyu mzee wa sweta amepata wapi ukondakta. Nilivaa sare ya rangi ya damu ya mzee miaka tisa, tangu ule mwaka wa 2004 marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, alipotutia adabu. Kabla ya hapo nilikuwa nikining'inia mlangoni bila sare yoyote, na abiria tukiwashindilia kama omena guniani. Michuki akasema mtu mmoja kiti kimoja, mkanda kila kiti, gari lisizidi kilomita 80 kwa saa. Tulinung'unika, kisha tukatii. Gari la watu 14 likawa la watu 14 kweli, angalau polisi wakiwa barabarani. Ila mtoto hakuingia katika hesabu hiyo. Mtoto ni wa kupakatwa. "Mama, pakata mtoto!" Maneno hayo nimeyatamka mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Leo nimepewa nusu saa niwazungumzie abiria mmoja. Ana miaka sita, ana kilo 18, na nauli yake ni mabishano ya kila asubuhi. Ni binti yangu. Nyumbani namwita Mami, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Mami ana baridi yabisi.

Nasikia minong'ono. Ndiyo, mtoto wa miaka sita. Ugonjwa ulipomwanza alikuwa na miaka mitatu.

Baridi yabisi ya mtoto si ile ya nyanya kule shambani, ambaye magoti yake yamelika kwa miaka ya kubeba kuni na maji. Ya mtoto ni ugomvi wa ndani. Zile kinga za mwili zinazopaswa kupigana na viini vya magonjwa zinageuka na kushambulia utando ulio ndani ya kiungo. Kiungo kinajaa maji, kinavimba, kinapata joto, kinakataa kukunjuka. Hali hiyo ikidumu wiki 6 au zaidi kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 16, na madaktari wakishaondoa sababu nyingine zote, ndipo wanaipa jina hilo. Haiambukizi, nasema hivyo kwa ajili ya kondakta mmoja aliyeuliza kwanza kabla ya kumshika mkono. Wala si ugonjwa wa juzi. Daktari Mwingereza, George Frederic Still, aliandika kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1897. Reli ilifika hapa Nairobi mwaka 1899. Kwa hiyo mtu akiniambia pale steji kwamba haya yameletwa na vyakula vya siku hizi, humjibu kwamba ugonjwa huu ulikuwa umeandikwa vitabuni kabla mji wetu haujawa mji.

Sasa jambo lenyewe lililonileta. Ugonjwa huu una saa yake.

Mami akiamka, goti lake la kushoto limekaza. Halinyooki, halikunjiki. Akikanyaga chini anachechemea kama mtu aliyechomwa na mwiba. Huchukua saa nzima, siku mbaya saa mbili, kabla goti halijalegea. Ikifika saa 4 anatembea. Ikifika saa 8 anaruka kamba na watoto wa ploti, na usingemjua. Akikaa kitako kwa muda mrefu, goti linakaza tena, na inabidi aanze upya.

Nairobi nayo ina saa yake, na nyinyi mnaijua kuliko mimi. Saa 12 asubuhi watu wote wa huku Eastlands wanataka kupita Jogoo Road kwa pamoja. Nauli imepanda, gari halisimami, linapunguza tu mwendo, na anayechelewa kurusha mguu anabaki. Saa hiyo hiyo ndiyo goti la mtoto wangu limekauka kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. Halafu inafika saa 4, goti limelainika, na magari yako steji matupu, manamba anawashika watu mikono wapande. Mji unamtaka akimbie wakati hawezi, na ukishapata nafasi ya kumsubiri, yeye yuko darasani.

Haya ndiyo yanayofanya watu wasimwamini. Jirani yangu alimwona Jumapili alasiri akikimbizana na paka. Jumatatu alfajiri akamwona mgongoni kwangu. Akaniambia, "Baba Mami, unamdekeza huyu." Alisema kwa upendo kabisa. Lakini Mami ana masikio, na siku hiyo alikataa kubebwa, akatembea hadi steji akiuma midomo.

Hata madaktari tuliowaona mwanzoni walipitwa hivyo hivyo. Tunaamka, mtoto hatembei. Tunamfunga kwa leso, tunapanda gari, tunapanga foleni, tunaitwa saa 5. Saa 5 goti limelegea, mtoto anatembea chumbani mwa daktari kama askari wa gwaride. Tukaambiwa ni maumivu ya kukua. Tukaambiwa ameanguka akicheza. Nyanya yake akaja na mafuta, akamchua jioni baada ya jioni, na namshukuru, maana mikono yake ilikuwa na joto. Miezi ikaenda. Nesi mmoja ndiye aliyetuambia: mpige video kwa simu asubuhi anapotoka kitandani, halafu lete hiyo simu. Video ya nusu dakika ilifanya kazi ambayo mdomo wangu ulishindwa kufanya. Tukaandikiwa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo vya watoto.

Kina mama, hili mlichukue hata kama mtasahau mengine yote. Maumivu ya kukua huja jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anaamka mzima, anakimbia. Goti lililovimba si maumivu ya kukua. Mtoto anayechechemea kila asubuhi kisha anapona mchana, usingoje. Tena usingoje aseme linauma. Mami hakuwahi kusema linauma. Aliacha tu kushuka ngazi, akawa anazishuka kwa makalio, nasi tukacheka tukidhani ni mchezo.

Siku hizi ana dawa. Alichomwa sindano ndani ya goti, na anakunywa dawa iitwayo methotreksati mara moja kwa wiki. Nasema mara moja kwa wiki, si kila siku. Kosa hilo ni la hatari. Siku ya pili yake humtia kichefuchefu, kwa hiyo tunampa Jumamosi jioni, ili Jumapili imkute nyumbani badala ya ndani ya gari lenu. Mchungaji wetu yuko hapa, ameshatusamehe ibada kadhaa. Dawa zimemsaidia mno. Uvimbe hupungua, kisha hurudi wiki fulani bila hodi. Yule mtoto wa wiki tatu zilizopita aliyepanda gari lako akiruka huenda kesho ukamwona amebebwa, na wote wawili ni yeye.

Ngoja niwapeleke kliniki pamoja nasi, maana maelezo bila safari hayanogi.

Tunaamka saa 10 na nusu alfajiri. Mama yake anachemsha maji, tunamkalisha kwenye karai kubwa la kufulia, maji ya uvuguvugu yafunike goti. Nalikunja na kulinyoosha humo humo majini, polepole. Kisha uji, maana dawa ya kutuliza uvimbe haiendi tumbo tupu. Kisha suruali nzito. Mwezi wa Julai, na nyinyi mnajua Nairobi ya Julai, tunaongeza soksi ndefu iliyokatwa kidole ikavutwa hadi gotini. Baridi haileti ugonjwa huu, licha ya jina lake la Kiswahili, lakini kiungo kilichokaza kinaihisi. Ndiyo sababu mimi ni mmoja wa wale abiria wa vita vya dirisha. Kuna mmoja lazima afungue, kuna mmoja lazima afunge, na kondakta anajifanya hasikii. Nilipokuwa kondakta sikusikia pia.

Hadi steji namfunga mgongoni. Hapo pana hesabu yake. Mgongoni goti linakunjwa na kubaki limekunjwa, kwa hiyo sifungi leso kwa zaidi ya robo saa, na mguu wa kushoto nauacha uning'inie. Kina baba, msione haya kubeba kwa leso. Mara ya kwanza nilipitia uchochoroni nisionwe. Sasa napita katikati ya barabara, na mama mboga hunisalimia "Mama Mami", na mimi huitika.

Tuna pia kigari cha kusukuma, tulikinunua Gikomba, mtumba mzuri wenye magurudumu makubwa. Kigari kinafaa sana penye barabara, na hapo ndipo taabu ilipo, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu huwa ni mabamba yaliyovunjika, mtaro ulio wazi, viatu vilivyotandazwa juu ya gunia, na pikipiki inayokuja kwa kasi kutoka mbele. Halafu kwenye gari kinalipishwa kama gunia la viazi. Nimewahi kulipia kigari kuliko nilivyolipia mtoto. Sitawaambia kiasi, wako hapa wahusika.

Tukiingia garini, mimi nalipa viti viwili. Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Kondakta ananiambia, "Mzee, mpakate, nirudishie kiti hicho, nitakupunguzia." Anadhani ananisaidia. Nikimpakata, magoti yake yanakunjwa na kubanwa na kiti cha mbele, na Jogoo Road asubuhi si dakika kumi. Tumewahi kukaa City Stadium hadi Mami akamaliza kuhesabu mabasi yote, akaanza kuhesabu wauza karanga. Mtoto huyu akikaa saa moja bila kunyoosha mguu, kule mwisho hatasimama.

Kwa hiyo anafanya zoezi. Kila gari likisimama kwenye msongamano, anasukuma mguu wa kushoto mbele polepole, anashikilia, anaurudisha. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfundisha kwa jina refu la kitaalamu. Mami mwenyewe ameliita klachi. "Baba, nimekanyaga klachi mara ngapi?" Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa matatu kweli.

Sasa madereva, nawauliza nyinyi mnaoendesha magari ya klachi. Msongamano wa saa mbili, gia ya kwanza, simama, gia ya kwanza, simama. Ukishuka pale mwisho, goti la kushoto linasemaje? Naona mnacheka. Unashika mlango, unasimama kidogo kama unatafuta kitu mfukoni, kumbe unangoja mguu urudi. Hakuna anayekupigia kelele wakati huo kwa sababu wewe ni dereva. Basi Mami huamka na goti hilo kila siku, na hajaendesha gari lolote.

Tukifika Muthurwa tunavuka mji kwenda steji ya Railways kupanda gari la Ngong Road. Hapo simbebi, na watu hunitazama vibaya kwa sababu iliyo kinyume na ile ya alfajiri. Alfajiri nambeba, wanasema namdekeza. Saa 2 namtembeza akichechemea kidogo, wanasema baba hana huruma. Mama mmoja pale soko la Marikiti aliweka chini mzigo wake wa sukuma wiki akanigombeza hadi nikakosa la kusema. Lakini kutembea ni sehemu ya dawa yake. Mguu usiotumika, misuli ya paja hunywea, na goti linabaki bila wa kulishika. La ajabu zaidi, kwa mtoto mdogo uvimbe wa gotini unaweza kuufanya mguu ule ukue haraka kuliko mwenzake. Wa Mami ulirefuka kidogo. Fundi wa viatu akamwekea soli ya ziada upande wa kulia. Kwa hiyo tunatembea kiasi anachoweza, na kiasi hicho kinapimwa siku yenyewe. Kuna siku ni hadi Railways. Kuna siku ni hadi kona ya kwanza, halafu anainua mikono na mimi nainama.

Kliniki ya viungo, kisha ya macho. Macho? Ndiyo, macho. Ugonjwa huu unaweza kuwasha moto ndani ya jicho bila wekundu, bila maumivu, bila mtoto kujua, hadi uono umeshapungua. Kwa hiyo Mami huangaliwa kila baada ya miezi mitatu, kwa mashine yenye mwali mwembamba wa taa. Anatiwa matone ya kupanua mboni, na anapotoka nje jua la saa 7 linamchoma. Ukimwona mtoto amefunga macho ameinamisha kofia mlangoni mwa gari lako, si ukaidi. Haoni ngazi. Mwambie ngazi iko wapi.

Na sasa mlango, kwani safari yote hii naweza kuivumilia isipokuwa mlango.

Miezi michache iliyopita, si gari la chama hiki, na hata lingekuwa sikuja hapa kutaja namba, Mami alikuwa anashuka. Mimi nimetangulia chini na kigari, namgeukia nimpokee. Ameshusha mguu mmoja, wa pili bado uko kwenye ngazi. Kondakta akapiga bodi mara mbili. Nyinyi mnajua mara mbili maana yake nini. Gari likaondoka. Alianguka kwa viganja, na kifundo cha mkono wa kulia, ambacho kilikuwa kizima, kikavimba wiki nzima. Hakuvunjika. Lakini kwa muda mrefu tukifika steji ya kushuka alikuwa anakumbatia kiti cha mbele, na mimi nambandua kidole kimoja kimoja huku watu wakisema, "Mzee, harakisha."

Nilikasirika, nikamtafuta yule kijana siku tatu. Siku ya nne nikaacha, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sijamwambia mtu hadi leo. Ilikuwa yapata mwaka 2009, mimi niko mlangoni, steji ya Makadara. Mama anashuka na kijana wake wa miaka mitano hivi. Akaniambia, "Ngoja kidogo, mguu wake haujakaa sawa." Nilimshika yule mtoto mkono mmoja, nikamwinua, nikamweka chini kama jerikeni. Nikapiga bodi. Hakulia. Alinitazama tu, na mama yake akanitazama, tukaondoka. Nilijisifu siku ile kwamba tumewahi abiria wa steji inayofuata kabla ya gari la nyuma yetu.

Kwa hiyo sina mawe ya kuwarushia. Nina maombi, na yote nimeyapima kwa saa ya mkononi kama kondakta.

Mami akiachwa ashuke mwenyewe, tangu anaposimama mlangoni hadi miguu yote miwili iko chini na ameachia chuma, ni sekunde 11. Nimezihesabu siku nyingi. Akipigiwa kelele ni zaidi ya 20, kwa sababu anaganda. Haraka yako inakuongezea kazi. Na tusidanganyane kuhusu hasara: gari hilo hilo limesimama steji dakika kumi likingoja abiria mmoja wa mwisho, na hakuna aliyelia. Najua kuna kanjo, wale askari wa jiji. Najua kuna mahali mnashusha ambapo si steji, na sekunde 11 hapo ni faini. Basi mtoto kama huyu msimshushe hapo. Mpelekeni steji yenyewe, mimi nitarudi kwa miguu.

Niambieni mapema. Kondakta ukishaona mtoto mwenye namna hiyo, tangaza steji yake gari likiwa bado mbali, atakuwa amekanyaga klachi yake mara tano na goti limeamka. Ukitangaza gari limeshasimama, umechelewa.

Kwenye minibasi mpeni kiti cha upande wa dereva kilicho karibu na njia ya katikati, ili mguu wa kushoto upate pa kunyookea. Kile cha juu ya tairi magoti yanafika kidevuni. Kile cha nyuma kabisa kila tuta linamrusha. Na kama goti gonjwa ni la kulia, upande unageuka, muulizeni mzazi.

Msimvute mkono. Nawasihi. Nimeona jinsi tunavyowapandisha watoto, tunawanyanyua kwa kifundo kimoja cha mkono kama kuku. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu kifundo au kiwiko kinaweza kuwa ndicho kinachouma, na hata mtoto mzima mdogo kiwiko chake kinaweza kuteguka kwa mvuto huo. Akihitaji kuinuliwa, mikono yako miwili chini ya makwapa, umlete karibu na kifua. Kisha kuna kanuni ya ngazi, nilipewa na fizio. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mguu mgonjwa hutangulia, mzima ubaki juu ukibeba uzito. Nilipoisikia nilicheka, maana sisi makondakta tulikuwa tunawaambia abiria washukao gari likitembea, "Tanguliza wa kushoto!" Mguu wa Mami ulio mgonjwa ndio wa kushoto. Kumbe tulikuwa tunasema kweli miaka yote hiyo, ila gari lilitakiwa liwe limesimama.

Nauli: nikilipa kiti, kiti ni chake. Na kigari kikikunjwa kikakaa miguuni mwangu si mzigo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia, kwa kiasi kinachofaa, mahali pote na usafiri wa umma. Sikuja kuwatisha kwa sheria, Mwenyekiti ananijua. Lakini limeandikwa neno usafiri, na katika mji huu usafiri ni sisi.

Mtu ameniuliza mlangoni nilipokuwa naingia kwa nini nisitumie boda boda. Naitumia jioni, njia fupi, mwendesha pikipiki ninayemjua. Asubuhi hapana: miguu inatanuliwa, upepo wa baridi uko wazi, na kila shimo linapita gotini.

Sasa nimalize. Mwenyekiti alitaka mkutano uanze saa 2, mimi nikamwomba saa 4, naye akakubali bila kuuliza. Sababu mnaiona pale kwenye benchi ya mwisho, amevaa sweta ya manjano, pembeni ya mama yake. Simama uwapungie mkono, Mami. La, kaa tu, kaa. Amekaa hapo nusu saa nzima bila kutembea, na mimi ndiye niliyemwambia asitembee, kwa hiyo goti limeshaanza kukaza. Gari la Mwenyekiti liko hapo nje, mlango wazi, injini imezimwa. Nataka makondakta watatu waje mmoja mmoja, wampandishe na kumshusha, na madereva wasimame kando na saa zao. Ameniahidi atakuwa anawaambia mlipokosea, na nawaonya, hana haya.

Haya, nani anatangulia?